Jinsi ya Kujiwekea Malengo ya Ubunifu, Kujifunza na Kujiboresha: Mwongozo Kamili

Nina daftari la zamani ambalo ukurasa wake wa kwanza una malengo 17. Kutunga hadithi. Kujua Kifaransa. Kupunguza hasira. Kusoma zaidi. Kujifunza kuchora. Kila lengo limepigiwa mstari mara mbili kwa kalamu nyekundu. Ukurasa wa pili hauna kitu. Wa tatu nao hauna.

Sikulitupa daftari hilo, maana kila nikilitazama naona jambo lilelile. Malengo yenyewe yalikuwa mazuri, ila hakuna hata moja lililoniambia kesho nikiamka nishike nini, na yote nilikuwa nikiyauliza swali moja tu: nimefika au sijafika? Ilinichukua muda kuelewa kwamba kutunga hadithi, kujua lugha na kupunguza hasira ni kazi tatu tofauti kabisa. Kila moja hupangwa kivyake na hupimwa kivyake. Ukiipima hadithi kwa kipimo cha lugha, au hasira kwa kipimo cha hadithi, utajiona umeshindwa hata siku unaposonga mbele.

Kwa kazi hii unahitaji daftari, kalamu, na saa moja isiyo na usumbufu. Tutapanga kwa kipindi cha wiki 12. Mwaka mzima ni mrefu mno, mtu huahirisha. Mwezi mmoja nao ni mfupi mno kuona mabadiliko ya maana.

Hatua ya 1: Andika yote, bakiza mawili

Tenga dakika 10. Andika kila unachotamani kutunga, kujua au kubadilisha ndani yako, bila kupanga wala kuchuja. Andika hata lile unaloona haya kulitaja. Kalamu isisimame mpaka muda uishe.

Kisha rudi juu ya orodha na kila jambo uliulize: je, ningelitaka hata kama hakuna mtu ambaye angekuja kujua? Swali hili lina ukali wake, na nakuomba usiliruke. Malengo mengi tumeyaazima kwa watu. Mwenzako anakimbia kila asubuhi, nawe unaandika kukimbia. Fulani kasoma vitabu 50 kwa mwaka, nawe unataka 50. Lengo la kuazima linakuwa zito kuanzia wiki ya pili, kwa sababu siku ya uchovu halina cha kukuvuta. Lisilo na jibu la kweli, likate.

Katika yatakayobaki, chagua mawili. Mengine yahamishie ukurasa wa mwisho wa daftari na juu yake uandike "Baadaye". Najua inauma kuliacha lengo unalolipenda likisubiri, lakini mshika mawili moja humponyoka, na anayeshika saba hatajua hata lililomponyoka ni lipi.

Benjamin Franklin, mwanasiasa na mwanasayansi wa Marekani wa karne ya 18, alilijua hili akiwa bado kijana. Alijiandikia fadhila 13 alizotaka kuzijenga, akatengeneza kijitabu chenye ukurasa wa kila fadhila. Hakuzivamia zote kwa mkupuo. Kila wiki alikaza macho kwenye moja, na jioni alitia alama nyeusi palipokuwa na kosa. Baada ya wiki 13 alianza upya, kwa hiyo mwaka mmoja ulitosha mizunguko minne. Baadaye alikiri kwamba fadhila ya mpangilio ilimshinda, lakini akasema kule kujaribu kulimfanya mtu bora na mwenye furaha zaidi kuliko ambavyo angekuwa bila kujaribu.

Hatua ya 2: Tambua lengo lako ni la aina gani

Hapa ndipo ninapotaka ukae muda mrefu zaidi. Chukua malengo yako mawili na pembeni ya kila moja andika neno moja: *kutunga*, *kujua*, au *kuwa*.

*Lengo la kutunga* ni la ubunifu: hadithi, michoro, nyimbo, picha, ushonaji, chochote ambacho hakikuwepo na sasa kitakuwepo. Kipimo chake ni kazi zilizokamilika. Usipime uzuri, angalau si katika wiki hizi 12. Uzuri wa shairi la leo hauko mikononi mwako. Kulimaliza shairi la leo kuko. Mtu akijiwekea lengo la "kuandika hadithi nzuri", kila sentensi anaipeleka mahakamani kabla haijakauka, na mwisho anaacha kuandika. Akijiwekea "rasimu sita zilizofika mwisho", anaruhusu rasimu ya kwanza iwe mbovu, na hapo ndipo kazi inapoanza kumfundisha.

Mwandishi Mwingereza Anthony Trollope aliandika riwaya 47, na sehemu kubwa ya maisha yake alikuwa mtumishi wa posta. Alikaa mezani saa 11:30 alfajiri, saa yake ikiwa mbele yake, akijidai maneno 250 kila dakika 15. Simshauri mtu yeyote aanze na kasi hiyo. Ninachopenda kwake ni kwamba alijidai kitu anachoweza kukihesabu, kisha akaenda kazini kama watu wengine.

*Lengo la kujua* ni la kujifunza: lugha, hesabu, ala ya muziki, kuandika programu za kompyuta. Kipimo chake ni kile unachoweza kukifanya kitabu kikiwa kimefungwa. Kurasa ulizosoma si kipimo, wala saa za video ulizotazama. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana, na alionyesha kwamba sehemu kubwa ya tunachojifunza huponyoka mapema sana, hasa ndani ya siku ya kwanza, kisha kasi ya kusahau hupungua. Kwa hiyo lengo la kujifunza lisilo na siku za kurudia limepungukiwa tangu mwanzo.

Kuna jaribio jingine linalogusa moja kwa moja namna tunavyojidanganya. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke waliwapa wanafunzi matini ya kusoma. Baadhi waliisoma tena na tena. Wengine waliisoma, kisha wakajaribu kuikumbuka bila kuitazama. Dakika tano baadaye, waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Wiki moja baadaye mambo yaligeuka: waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Yaani ile raha ya kusoma ukurasa na kuona "hili nalijua" haisemi kitu kuhusu wiki ijayo. Andika lengo lako kwa kitenzi cha kutenda: *nieleze*, *nipige*, *nitatue*, *nizungumze*.

*Lengo la kuwa* ni la tabia: uvumilivu, utulivu, ukweli, usikivu. Haya ndiyo magumu kuliko yote, kwa sababu hayana saa yake. Huwezi kukaa Jumanne saa 8 mchana ukafanya mazoezi ya kuwa mvumilivu. Tabia huonekana katika tukio fulani tu, na tukio hilo halibishi hodi.

Kwa hiyo kazi yako ni kulitafuta tukio. Jiulize: mara ya mwisho niliposhindwa, nilikuwa wapi, na nani, saa ngapi, na nini kilitangulia? Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ametafiti mipango ya namna ya "jambo fulani likitokea, nitafanya hivi", na katika makala yake ya mwaka 1999 alieleza jinsi mpango mdogo wa namna hiyo unavyomsaidia mtu kutenda kuliko nia peke yake. Sababu ni kwamba uamuzi unakuwa umeshafanywa mapema, kichwa kikiwa kimetulia. Tukio likifika, unatekeleza tu.

Chukua mzazi anayetaka kuacha kumfokea mtoto. "Niwe mpole" haitamsaidia. Akichunguza vizuri ataona kwamba karibu kila mara anafoka jioni, wanapofanya hesabu za shule, mtoto anaporudia kosa lilelile. Basi lengo linakuwa hivi: "Akikosea hesabu ileile mara ya tatu, nitaweka penseli mezani, nitashusha pumzi, kisha nitamwambia anionyeshe hatua ya kwanza tu." Penseli mezani ni jambo la kufanywa kwa mkono. Mwisho wa wiki anaweza kuhesabu: tukio limetokea mara nne, penseli imewekwa mara mbili. Wiki iliyopita ilikuwa sifuri.

Hatua ya 3: Andika sentensi ya lengo, kisha uiandike tena

Edwin Locke na Gary Latham wametumia miongo mingi kutafiti malengo, na tokeo lililojirudia katika kazi yao ni kwamba lengo mahususi na gumu humfanya mtu afanye vizuri kuliko kumwambia "jitahidi uwezavyo". Ila kuna jambo ambalo wengi hawalisemi. Kazi ikiwa ngeni na tata, kumwekea mtu namba kubwa ya matokeo mapema kunaweza kumdhoofisha, kwa sababu anahangaikia namba kabla hajajua njia. Mgeni wa jambo anafaa kujiwekea lengo la kujifunza njia kwanza: "nijue mbinu tatu za kuanza hadithi", "nijue makosa matano ninayorudia". Namba za matokeo zitakuja kipindi cha pili.

Tuione sentensi moja ikinyooshwa. Mtu anaandika:

"Nijue kuchora."

Kuchora nini? Anafikiri, anakumbuka kwamba kila akichora mtu anaificha mikono mifukoni au nyuma ya mgongo. Anaandika tena:

"Nijue kuchora mikono ya binadamu."

Bora zaidi, lakini haijasema kiasi wala mwisho wake. Mara ya tatu:

"Ndani ya wiki 12 nitachora mikono 60 nikiangalia mkono halisi, mitano kwa wiki, na katika wiki ya mwisho nitachora mtu mzima ambaye mikono yake yote miwili inaonekana."

Sasa tunajua cha kufanya kesho: kukaa mezani, kuweka mkono wa kushoto kwenye mwanga, na kuanza na kiganja. Tumeona pia kwamba sentensi hii imechanganya kujua na kutunga, na haina ubaya. Kazi za ubunifu na za kujifunza hukaa nyumba moja mara nyingi. Muhimu ni kwamba kila sehemu ina kipimo kinachoifaa.

Andika sentensi yako mara tatu namna hiyo. Ya kwanza karibu kila mara huwa ni ndoto, ya pili ni mada, na ya tatu ndiyo huanza kuwa lengo.

Hatua ya 4: Kadiria muda, kisha uongeze

Mwaka 1994 Roger Buehler na wenzake waliwauliza wanafunzi waliokuwa wakimalizia tasnifu zao watachukua siku ngapi. Kwa wastani walikadiria siku 34 hivi. Walimaliza kwa wastani wa siku 55 na zaidi. Daniel Kahneman na Amos Tversky walikuwa wameshalieleza kosa hili tangu 1979: tunapopanga tunaiona kazi yenyewe, hatuoni ugonjwa, wageni, uchovu na mambo yanayokatisha.

Dawa yake ni kutazama nyuma. Kazi kama hii mara iliyopita ilikuchukua muda gani hasa? Tumia jibu hilo. Kama hujawahi kuifanya, chukua makadirio yako na uzidishe kwa moja na nusu. Mikono 60 ikiwa inaonekana rahisi, pengine 40 ndiyo namba yako ya kweli. Kupunguza namba kabla ya kuanza ni kupanga. Hakuna aibu ndani yake.

Hatua ya 5: Lipe lengo saa, mahali na kiwango cha chini

Kwa malengo ya kutunga na kujua, andika siku, saa na kiti. "Jumatatu, Jumatano na Jumamosi, baada ya vyombo kuoshwa, kwenye meza ya dirishani, dakika 25." Kufunga kazi kwenye jambo ambalo tayari unalifanya, kama kuosha vyombo, ni bora kuliko saa ya ukutani peke yake, kwani saa hupita usijue, vyombo huvioni vikijiosha.

Andaa vifaa usiku uliotangulia. Penseli iwe imechongwa, daftari liwe wazi kwenye ukurasa husika, gitaa liwe nje ya mfuko wake. Simu iwe chumba kingine. Hapa sitasema mengi. Jaribu siku tatu utaona tofauti mwenyewe.

Kisha weka kiwango cha chini: kitu kidogo kiasi kwamba hata siku mbaya utakifanya. Mkono mmoja kwa dakika tatu. Maneno matano ya lugha. Aya moja. Kiwango hiki si lengo, ni daraja la kukuvusha siku ngumu ili kesho usianze upya.

Pengine umesikia kwamba tabia hujengeka kwa siku 21. Utafiti uliofanyika University College London, ukiongozwa na Phillippa Lally, uliwafuatilia watu 96 waliokuwa wakijenga tabia mpya ya kila siku. Kwa kawaida ilichukua kama siku 66 jambo lianze kujiendesha lenyewe, lakini tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 hadi 254. Basi ukifika siku ya 22 na bado unajisukuma, huna kasoro yoyote. Utafiti huohuo ulionyesha pia kwamba kukosa siku moja hakukuharibu ujenzi wa tabia. Laiti ningelijua hili zamani, maana siku moja niliyoikosa ndiyo iliyonifanya niache kuchora kwa miaka miwili.

Hatua ya 6: Weka rekodi fupi

Rekodi ndefu haidumu. Mstari mmoja kwa siku unatosha: tarehe, ulichofanya, na jambo moja uliloliona. Hivi ndivyo ukurasa wa kweli unavyoonekana:

*Jumatatu. Mikono 2. Kidole gumba hukaa chini zaidi ya ninavyodhani.*
*Jumatano. Sikuchora. Nilichelewa kurudi.*
*Alhamisi. Mkono 1, dakika tatu. Mbaya, lakini upo.*
*Jumamosi. Mikono 3. Nilianza na umbo la kiganja kabla ya vidole. Afadhali sana.*

Sehemu ya tatu ya kila mstari ndiyo yenye thamani. Namba zinakuambia umekaa mezani. Uchunguzi unakuambia mkono umejifunza nini. Na siku uliyokosa iandike kwa neno lilelile la kawaida, bila kujilaumu. Sababu tu: nilichelewa, niliumwa, sikutaka.

Kwa lengo la kuwa, hesabu vitu viwili: mara ngapi tukio limetokea, na mara ngapi umefanya ulichopanga. Ukihesabu kushindwa tu, utakata tamaa.

Hatua ya 7: Pitia kila wiki, dakika 15

Chagua siku moja na usiibadilishe. Soma mistari ya wiki nzima, kisha jibu kwa maandishi: nini kilikwenda, nini kilikwama, na wiki ijayo nabadilisha kitu gani *kimoja*?

Ukiona umekwama, kwanza tafuta umekwama wapi. Kama hukupata muda, tatizo ni ratiba: hamisha saa, au punguza dakika. Kama ulikaa mezani lakini hukuweza, tatizo ni ugumu: vunja kazi, chora kidole kimoja badala ya mkono, au tafuta mtu wa kukuonyesha. Kama muda ulikuwepo na uwezo upo lakini hukutaka, rudi kwenye swali la hatua ya kwanza. Huenda lengo hilo si lako. Watu wengi hutibu matatizo haya matatu kwa dawa moja, yaani kujikaripia, na haitibu hata moja.

Kanuni ninayoishika sana: usiache lengo siku mbaya. Lengo linaachwa siku ya mapitio tu, ukiwa umetulia, na sababu inaandikwa. Lengo lililoachwa kwa sababu iliyoandikwa halikusumbui tena usiku.

Hatua ya 8: Mwonyeshe mtu kazi

Tafuta mtu mmoja ambaye kila baada ya wiki mbili utamwonyesha ulichofanya: michoro yenyewe, rasimu yenyewe, wimbo ukiupiga mbele yake. Usimwambie mipango, mwonyeshe vitu. Mwambie mapema unataka nini kutoka kwake. "Niambie ni mkono upi unaonekana hai zaidi" ni ombi ambalo hata asiyejua kuchora anaweza kulijibu. Lengo la kuwa ni tofauti kidogo: hapo muulize anayeishi nawe, kwa upole, kama ameona tofauti, na uwe tayari kusikia hapana.

Wiki ya 12

Siku ya mwisho, toa mchoro wa kwanza na wa mwisho uvilaze pamoja mezani. Kwa lugha, rekodi sauti yako ukizungumza dakika mbili wiki ya kwanza, kisha rekodi nyingine wiki ya 12, usikilize zote mbili mfululizo. Kwa tabia, linganisha hesabu za wiki mbili za kwanza na mbili za mwisho. Andika nusu ukurasa kuhusu unachokiona, ukianza na vitu, siyo hisia: kidole gumba sasa kinakaa mahali pake, lakini kifundo cha mkono bado ni kigumu kama mti.

Pumzika wiki moja. Kisha fungua ukurasa wa mwisho ulioandikwa "Baadaye", usome yaliyokuwa yakisubiri, na uchague tena mawili.